Spoila ya Mbele: Kifaa, Kazi na Lugha ya Fundi Jijini Nairobi

1. Utangulizi

Ni vigumu mtu kusimama kando ya Waiyaki Way au Ngong Road jioni moja tu asione gari dogo la spoti, mara nyingi Subaru Impreza, likipita huku bampa yake ya mbele imeongezewa ukingo mweusi unaokaribia kugusa lami. Ukingo huo ndio unaoitwa spoila ya mbele. Mara nyingi haukutoka kiwandani pamoja na gari hilo. Ulinunuliwa baadaye, ukafungwa na fundi, aghalabu katika karakana ya wazi iliyo kando ya barabara.

Makala haya yanakusudia kueleza spoila ya mbele ni nini, hufanya kazi gani, na hufungwaje ili iwe na faida pasipo kuleta madhara. Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akauliza: haya yanatuhusu nini sisi wanafunzi wa lugha? Jibu ni kwamba kazi hii, katika jiji la Nairobi, huagizwa, hujadiliwa na kukabidhiwa kwa maneno ya mdomo. Ni nadra kuwapo karatasi ya maagizo yenye vipimo. Kuna mwenye gari, kuna fundi, na kuna lugha iliyo kati yao, ambayo kwa sehemu kubwa ni Kiswahili. Ikiwa lugha hiyo ni ya kukisia, kazi nayo itakuwa ya kukisia. Na kazi ya kukisia kwenye pua ya gari linalokwenda kasi huweza kugharimu uhai. Hoja yetu kuu, basi, ni kwamba spoila ni chombo cha kazi kabla ya kuwa pambo, na kwamba atakaye ifungwe vyema hana budi kwanza kuweza kuisema vyema.

2. Jina na maana yake

Neno "spoila" limetoholewa kutoka Kiingereza, ambako kitenzi chake cha asili kina maana ya kuharibu. Jina hili huwashangaza wengi: iweje kifaa kinachonunuliwa kwa fedha nyingi kiitwe kiharibifu? Kinachoharibiwa hapa si gari. Ni mkondo wa hewa ambao, ukiachwa upite utakavyo, ungelifanya gari liwe jepesi barabarani. Spoila huuvuruga au kuugeuza mkondo huo usilete madhara.

Katika mazungumzo ya kawaida, neno hili moja hubebeshwa vitu vitatu vilivyo tofauti. Cha kwanza ni ukingo mwembamba unaofuata umbo la bampa na kuirefusha kwenda chini kwa sentimita chache. Cha pili ni kizuizi kipana kilichosimama wima, ambacho huikinga hewa isipite kwa wingi chini ya gari. Cha tatu ni ubao bapa uliolala, unaotokeza mbele ya bampa sambamba na barabara. Kwa ajili ya makala haya tutaviita mdomo, kidevu na ulimi. Majina haya hayajaidhinishwa na chombo chochote cha lugha. Ni pendekezo letu. Hata hivyo, yanafuata desturi ya Kiswahili ya kuazima majina ya viungo vya mwili na kuyapa vitu, kama tusemavyo mdomo wa chupa, mguu wa meza au jicho la sindano.

Tofauti hiyo ina uzito. Mteja aendaye kwa fundi na kusema "niwekee spoila" hajasema lolote kuhusu kimo, umbo wala nguvu ambazo kifaa hicho kitapaswa kuzistahimili. Mdomo wa sentimita tatu waweza kushikwa na skrubu chache. Ulimi unaotokeza mbele hauwezi, kwani husukumwa kutoka juu na kuvutwa kutoka chini kwa wakati mmoja.

3. Hewa na gari

Gari linapokwenda mbele huisukuma hewa. Sehemu ya hewa hiyo hupita juu ya boneti na paa, nyingine hupita ubavuni, na nyingine hupenya chini ya gari. Hewa ipitayo chini hukutana na injini, mabomba, vyuma vya springi na magurudumu. Hujikwaa na kulirudisha gari nyuma. Tena, ikirundikana chini ya pua ya gari, husaidiana na hewa inayopita juu kuinua sehemu ya mbele. Dereva aliye katika kasi kubwa huhisi usukani umekuwa mwepesi, kana kwamba magurudumu ya mbele yanaelea.

Kidevu hupunguza kiasi cha hewa kinachopenya chini, hivyo shinikizo la hewa chini ya gari hushuka na ile kani ya kuinua hupungua. Ulimi hufanya zaidi ya hapo. Hewa iliyogonga bampa na kukwama huulalia kutoka juu kwa shinikizo kubwa, ilhali hewa inayopita kwa kasi chini yake ina shinikizo dogo. Tofauti ya mashinikizo hayo mawili huigandamiza pua ya gari barabarani.

Jambo la kukumbuka ni kwamba nguvu ya hewa haikui sawasawa na mwendo. Hukua kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Tuchukue mfano wa kidevu chenye upana wa mita 1.5 na kimo cha sentimita 10. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha mwendo mijini nchini Kenya, hewa hukisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 1.5. Likienda kilomita 110 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha gari la kibinafsi katika barabara kuu, nguvu hiyo hupita uzito wa kilo 7; ni kana kwamba mtu amekitundikia karibu mifuko minne ya unga wa kilo mbili mbili. Na huo ni msukumo wa hewa tulivu tu. Bado hatujahesabu mtikisiko wa barabara, wala kishindo cha upepo wa lori linalopishana na gari hilo.

Nairobi ina jambo lake la pekee katika hesabu hii. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha asilimia 15. Spoila ile ile, katika mwendo ule ule, hufanya kazi pungufu kidogo hapa kuliko pwani. Katika Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka wa 2022 na inayotoka Mlolongo hadi Westlands kwa umbali wa kilomita 27, kikomo cha mwendo ni kilomita 80 kwa saa. Basi, mwenye gari ambaye safari zake zote ni za mjini na za barabara hiyo aelewe kwamba faida atakayoipata katika mshiko wa magurudumu ni ndogo. Ni haki yake kuipenda spoila kwa sababu ya sura yake. Ila asijidanganye kwamba amenunua usalama.

Lipo pia suala la mizani. Ukiigandamiza mbele ya gari bila kuijali nyuma, magurudumu ya mbele yatashika barabara kuliko ya nyuma. Katika kona ya kasi, nyuma itateleza kwanza, na gari huweza kuzunguka kama pia. Ndiyo sababu watengenezaji wa magari huzipima spoila ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Anayefunga ulimi mpana mbele ya gari lisilo na kitu nyuma ameibadili tabia ya gari, si sura yake tu.

4. Kutoka viwanja vya mashindano hadi mitaani

Vifaa hivi vilizaliwa katika mashindano ya magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Porsche ya Ujerumani iliiwekea gari lake la 911 S ukingo chini ya bampa ya mbele ili litulie katika kasi. Mwaka wa 1973, BMW ilitoa gari la 3.0 CSL lenye spoila kubwa ya nyuma. Kwa kuwa sheria ya Ujerumani haikuiruhusu spoila hiyo barabarani, wanunuzi wa huko walikabidhiwa gari lao likiwa na spoila ndani ya buti, waifunge wenyewe. Desturi ya kununua gari kisha kulifungia spoila baadaye ina umri wa nusu karne, na tangu mwanzo imeandamana na swali la sheria.

Kwetu Kenya, mapenzi ya Subaru yana uhusiano mkubwa na Safari Rally. Gari la Impreza lilishinda mashindano hayo mwaka wa 1996 likiendeshwa na Kenneth Eriksson, mwaka wa 1997 likiendeshwa na Colin McRae, na mwaka wa 2000 likiendeshwa na Richard Burns. Vijana wengi waliokuwa watoto wakati huo walikua na picha ya gari la buluu likitimua vumbi. Lakini kuna jambo linalosahaulika katika picha hiyo. Magari ya Safari yaliinuliwa juu, yakafungwa ngao imara tumboni ili yastahimili mawe na makorongo. Hayakushushwa. Mwenye gari wa leo anayeteremsha pua ya Impreza hadi karibu na lami anaiga mashindano ya barabara laini za Ulaya na Japani, wala si yale yaliyolipa gari hilo sifa katika nchi hii.

5. Kuchagua spoila

Pale penye shughuli nyingi za vipuri katikati ya jiji ni Kirinyaga Road, barabara inayopita karibu na Mto Nairobi, kaskazini mwa River Road. Wazee bado huiita Grogan, kwa kuwa zamani ilibeba jina la Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza. Huko huuzwa vipuri vipya na vya mitumba, zikiwamo bampa nzima zilizotoka Japani. Aendaye kununua azingatie mambo matatu.

La kwanza ni aina ya gari. Bampa za Impreza zilibadilika umbo kati ya kizazi kimoja na kingine, na hata ndani ya kizazi kimoja. Spoila iliyoundwa kwa ajili ya bampa ya mwaka 2001 haiwezi kukaa vyema kwenye ya mwaka 2006, hata kama mwuzaji ataapa kwamba "hii inaingia zote." Njia ya hakika ni kwenda na gari lenyewe, au angalau na vipimo vya bampa yake.

La pili ni mali iliyotumika. Spoila ya plastiki laini hupinda ikigonga tuta, kisha hurudi katika umbo lake. Ya faiba ni rahisi kuunda na kukarabati hata katika karakana ndogo, lakini ikigongwa hupasuka, na vipande vyake ni vikali. Ya nyuzi za kaboni ni nyepesi na ngumu, ila bei yake ni kubwa na nyufa zake hazizibiki kwa urahisi. Kwa barabara zetu, plastiki inayopinda ina nafasi nzuri zaidi ya kuishi muda mrefu.

La tatu ni upande wa nyuma wa kifaa, ule usioonekana. Mnunuzi aigeuze spoila. Atazame kama unene wake ni sawa kila mahali, kama matundu ya skrubu yameimarishwa, na kama faiba ina mapovu ya hewa ndani yake. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Rangi inayong'aa huficha mengi.

6. Kimo cha gari na matuta ya mtaani

Kabla ya kufunga chochote, pimeni nafasi iliyopo. Barabara nyingi za makazi za magharibi ya jiji, kuanzia Kilimani na Lavington hadi Kawangware, Kangemi na Dagoretti, zina matuta ya kupunguza kasi, na matuta hayo hayalingani kwa kimo wala kwa mwinamo. Spoila huathiriwa na vitu viwili: umbali kutoka chini yake hadi barabarani, na umbali kutoka gurudumu la mbele hadi kwenye pua.

Tuseme ncha ya bampa iko sentimita 70 mbele ya mahali tairi linapogusa ardhi, na iko sentimita 18 juu ya barabara. Gari hilo laweza kuukabili mwinamo wa nyuzi 14 hivi kabla ya kugusa. Ukiongeza spoila inayoshuka sentimita 5, uwezo huo hupungua hadi karibu nyuzi 10. Ukiongeza ulimi unaotokeza mbele sentimita 8 zaidi, hushuka hadi karibu nyuzi 9. Aliyezoea kuingia kwake kupitia mlango wenye mteremko mkali atagundua siku ya kwanza kwamba sasa hana budi kuingia kwa mshazari, au kuacha sehemu ya spoila yake langoni.

Pimo hili lifanyike gari likiwa na abiria na mafuta, kwa sababu mzigo hulishusha. Pia ikumbukwe kwamba dereva akishika breki, pua huinama. Pale ambapo kwenye karakana palionekana kuwa na nafasi ya vidole vinne, barabarani huenda pasibaki hata kidole kimoja.

7. Hatua za kufunga

Kazi yenyewe haihitaji mitambo mikubwa. Huhitaji uangalifu na mpangilio. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, gari lisimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu ya nyuma yazuiwe. Likiinuliwa kwa jeki, liegemezwe juu ya stendi za chuma. Fundi asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililoegemezwa juu ya mawe. Jeki huteleza bila kubisha hodi.

Pili, spoila ijaribishwe kabla ya kupakwa rangi. Ishikiliwe mahali pake kwa utepe wa karatasi, kuanzia katikati kwenda pembeni, baada ya kuweka alama kwenye mstari wa kati wa bampa na wa spoila. Wengi huanzia upande mmoja, na wafikapo upande wa pili hukuta kifaa kimezidi au kimepungua. Katika hatua hii fundi ahakikishe kwamba spoila haizibi tundu la hewa ya rejeta, taa za ukungu, mahali pa ndoano ya kukokotea, wala nambari ya usajili. Rejeta ikinyimwa hewa, injini huchemka. Na msongamano wa jioni wa Ngong Road si mahali pazuri pa kuligundua jambo hilo.

Tatu, kasoro za umbo zirekebishwe kwa tupa na msasa, kisha kifaa kioshwe na kufutwa kwa spiriti ili mafuta yatoke. Plastiki huhitaji praima yake maalumu. Bila hiyo, rangi hubanduka kama ganda la kitunguu. Rangi ya spoila inayopinda nayo ichanganywe na dawa ya kuifanya inyumbuke, la sivyo itapasuka tuta la kwanza.

Nne, matundu yatobolewe kwa kekee, au drili kama wengi waiitavyo leo. Matundu ya pembeni yawe marefu kidogo kuelekea ubavuni, yasiwe duara kamili. Sababu yake ni joto. Bampa ya plastiki yenye urefu wa mita 1.5, ikitoka kwenye baridi ya alfajiri hadi jua la adhuhuri, yaweza kurefuka milimita 4 au zaidi, lakini faiba hurefuka kidogo sana. Vikibanwa pamoja bila nafasi ya kucheza, kimojawapo kitajikunja au kupasuka kwenye tundu.

Tano, ifungwe. Hapa ndipo penye tofauti kati ya kazi na mzaha. Utepe wa gundi wa pande mbili ni msaidizi: huzuia mtikisiko na kuziba mwanya. Usiachiwe mzigo wote. Skrubu zilizopigwa kwenye plastiki nyembamba ya bampa hushika siku chache tu, kisha matundu hupanuka. Pahali penye mzigo pafungwe bolti yenye washa pana pande zote mbili na nati isiyojilegeza. Ulimi, kwa kuwa hugandamizwa kwenda chini, huhitaji vishikio vinavyofika kwenye chuma kilicho nyuma ya bampa, au fito mbili za kuuning'iniza kutoka juu. Bampa ya plastiki ni ngozi tu, na ngozi haibebi mzigo.

Sita, gari likishateremshwa chini, usukani uzungushwe hadi mwisho pande zote mbili ili kuhakikisha tairi haligusi kitu. Kifuniko cha plastiki kilicho chini ya injini kijaribiwe kama bado kinafunguka. Katika Subaru injini imelala chini, na ufunguzi huo ndio njia ya kubadilishia oili. Kisha gari liendeshwe polepole, na baadaye kwa mwendo wa wastani, huku dereva akisikiliza mluzi au mgongano na kuutazama mshale wa joto. Baada ya siku chache za kuendesha, kila nati ikazwe tena.

Neno moja la ziada kuhusu mvua. Katika masika na vuli, sehemu nyingi za barabara za jiji hujaa maji. Maji ni mazito zaidi ya mara 900 kuliko hewa ya Nairobi. Spoila inayostahimili upepo wa kilomita 110 kwa saa yaweza kung'olewa na dimbwi kwa mwendo wa kilomita 30. Mwenye spoila hupunguza mwendo mbele ya maji.

8. Mbele ya sheria

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, katika kifungu chake cha 55, inataka kila gari lililo barabarani, pamoja na sehemu zake zote na vifaa vyake, liwe katika hali isiyoweza kuhatarisha watu. Spoila ikishafungwa huwa sehemu ya gari, na hatari yake ni ya mwenye gari. Kipande cha faiba kikianguka kwenye barabara kuu na kumwangusha mwendesha bodaboda anayefuata nyuma, haitoshi kusema kwamba kilikuwa pambo. Aidha, ncha kali zinazotokeza mbele humjeruhi vibaya zaidi mpita njia anayegongwa, hata katika mwendo mdogo. Fundi mwenye utu huiviringa ncha kwa msasa kabla hajaikabidhi.

9. Lugha ya makubaliano

Tumeona kwamba ubora wa kazi hii unategemea mambo madogo: upana wa washa, umbo la tundu, mahali pa kishikio. Haya yote yanaweza kusemwa kwa Kiswahili, na mengi yake tayari yana majina. Bisibisi, tupa, kekee na msasa ni maneno yaliyokuwapo mikononi mwa maseremala na waunda vyombo kabla ya gari la kwanza kufika Nairobi. Msasa ni jina la mti ambao majani yake makwaruzo yalitumiwa kulainishia mbao. Leo ni karatasi ya dukani, na jina limebaki. Bampa, boneti, rejeta, nati na bolti zimetoholewa na kupewa ngeli bila mtu kuitisha kongamano.

Kilichopungua ni desturi ya kuyatumia maneno hayo kwa ukamilifu. Sentensi kama "funga vizuri" au "bana kiasi" hazina kipimo. Linganisha na hii: "Funga bolti sita, kila moja iwe na washa pana juu na chini, na vishikio viwili vifike kwenye chuma." Sentensi ya pili inaweza kukaguliwa. Mteja anaweza kuinama na kuhesabu, na fundi anaweza kudai malipo yake kifua mbele kwa kuwa ametimiza kilichosemwa. Lugha yenye vipimo inawalinda wote wawili.

Wanafunzi wa isimu wana kazi hapa. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Katiba ya 2010, lakini urasmi wa lugha hautoshelezwi na hotuba na nyaraka za serikali. Istilahi za ufundi zinaweza kukusanywa Kirinyaga Road na Dagoretti Corner, kutoka kwa wale wanaozitumia, kabla hazijaundwa upya mezani. Pale palipo na pengo, tutazame nyuma katika hazina yetu. Waunda vyombo wa pwani wana neno hanamu, yaani ule ubao wa omo unaokata maji. Spoila ya mbele hukata hewa kama hanamu ikatavyo maji. Hatudai kwamba neno hilo lichukue nafasi ya spoila, ambalo limekwisha kuota mizizi. Twasema tu kwamba mwalimu anayetaka kumweleza mwanafunzi kazi ya kifaa hiki ana mfano ulio tayari ndani ya lugha yenyewe.

10. Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba spoila ya mbele hufanya kazi kwa kuigeuza hewa. Kwamba nguvu inayoikabili hukua kwa mraba wa mwendo. Kwamba uchaguzi wake hutegemea aina ya gari, mali na barabara. Na kwamba ufungaji wake huhitaji bolti na vishikio vinavyofika kwenye chuma, wala si gundi na matumaini. Tumeonyesha pia kwamba katika Nairobi, ambako kazi hii huagizwa kwa mdomo, usahihi wa maneno ni sehemu ya usalama wa chombo.

Tunapendekeza mambo mawili. Wenye magari wajizoeze kuandika kwa Kiswahili, japo kwa mistari mitano, kile wanachokubaliana na fundi, wakitaja idadi na vipimo. Na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vianze kukusanya maneno ya karakana, sehemu moja ya gari baada ya nyingine. Bampa ya mbele ni mahali pazuri pa kuanzia.